Bado nahesabia ku bidole: Mwalimu, nimeendelea kweli?

Swali yenye nilipata:

"Mwalimu jambo. Niko mutoto mwanamuke ya miaka 12, niko mu kilasi ya sita ya primeri hapa Bukavu, tunaishi Kadutu, naandika na telefone ya mama. Mu hesabu, kilasi ya tatu nilikuwa na 41%, ya ine 48, ya tano 55 (mwaka yenye vita ilifika na masomo ikafungwa), na sasa peryodi ya pili nimepata 63. Mama anafurahi anaambia bajirani bote. Lakini mimi najijua. Bado nahesabia ku bidole chini ya meza, na divizio nafanyaka tu vile balituonyesha, sijui juu ya nini inafanyikaka vile. Metre ametuomba kila mutu aandike paji moja, vile ameendelea mu hesabu tangu kilasi ya kwanza. Niandike nini? Nimeendelea kweli ama ni pointi tu zenye zinapanda?"

Jambo binti yangu. Nilicheka kidogo, hapana juu yako, juu ya ile neno "najijua". Miaka makumi mbili na sita nimesimama mbele ya tablo, kwanza Bagira, kisha Kadutu, sasa nasaidia balimu bapya, na batoto benye balishakuja kuniambia mwalimu pointi zangu zinapanda lakini sijasikia kitu, naweza kubahesabu ku bidole ya mukono moja, na mimi pia nahesabiaka chini ya meza, usiambie mutu. Bengine bote banakujaka wakati pointi zimeshuka, na machozi, na muzazi nyuma. Kwa hiyo ile paji yako imeshaanza kuandikwa, ni wewe tu haujaona.

Tuanze na pointi tuzimalize. Mama afurahi, ni haki yake, pointi si bule. Lakini 41 ya kilasi ya tatu na 63 ya kilasi ya sita hazikupimwa na mizani moja, egzame si moja, metre si moja, lesoni si moja, mu tatu balikuwa banakuuliza sustraksio na tabule ya kuzidisha, leo banakuuliza fraksio na asilimia na volimi ya sanduku. Ukienda ku soko Kadutu mama moja anapima sambaza na kikombe ya chai, mwengine anapima na kopo ya maziwa, hautarudia ku nyumba useme "jana bikombe bitatu, leo makopo mbili, kumbe samaki imepunguka". Ile 63 inaonyesha vile unasimama mbele ya mambo ya leo, njia yenye umetembea haiionyeshi. Na nikuambie ukweli yangu, kati ya ile namba zako zote yenye mimi naiheshimu sana ni 55. Mwanzo ya 2025, masomo imefungwa, batu bako ndani ya nyumba hawajue kesho itakuwa namna gani, na mutoto anafika mwisho wa mwaka amepandisha pointi saba? Ile uiandike mu paji yako hata kama metre hakuuliza.

Sasa kama unataka kujua kweli, acha buletini, tafuta kayee yako ya kilasi ya tatu. Najua kayee za zamani hapa kwetu zinamalizikiaka kwa mama muuza karanga, anapasua paji anafungia karanga, siku moja nilinunua karanga nikakuta ni enterogasio ya mwanafunzi wangu mwenyewe na maandishi yangu nyekundu juu, 3 ku 10, nilikula zile karanga na haya. Lakini kama yako bado iko, fungua, na usiangalie fasi ulipata, angalia fasi ulikosa. Alama ya muzuri haielezake kitu, juu mutoto mwenye alielewa na mwenye alichungulia kwa jirani banapata alama ileile. Kosa njo inaongea.

Mufano yenye nimeona mara elfu: 52 − 17 = 45. Metre anapiga musalaba nyekundu anaenda, iko na kayee zingine makumi saba za kusahihisha (tangu 2019 primeri ya serikali ni bure, na mimi nafurahi, nilikuwa naona batoto banafukuzwa juu ya minerval, franga ya masomo, lakini kilasi zilijaa mupaka metre hana tena wakati ya kusoma kosa, anaihesabu tu). Angalia ile kosa muzuri. Huyu mutoto hakucheza. Alianza ku mamoja, akaona 2 na 7, akajiambia kila siku ndogo njo inatokaka mu kubwa, basi 7 kutoa 2 ni 5, kisha 5 kutoa 1 ni 4. Iko na sheria yake na aliifuata vizuri, ni sheria yenyewe tu iko ya uongo. Ile kosa inakuambia kama yeye anaona 5 na 2, namba mbili zenye zinasimama pamoja kama batu ku arrêt ya taksi benye hawajuane, haoni makumi tano na mbili. Hajui bado kama anaweza kuchukua kumi moja mu zile tano, aivunje, aitie pamoja na ile 2, ikuwe 12.

Kisha fungua kayee ya sita. Kosa za leo ni gani? Haukuniambia lakini nabahatisha: uliandika kama 0,35 inapita 0,4 juu 35 inapita 4. Ama uliandika 1/8 inapita 1/6. Kama ni ile, binti yangu, umetembea mbali sana, juu mutoto mwenye bado 52 − 17 inamupiga hawezi hata kufika pa kukosea 0,35. Kosa yako imehama nyumba. Ilikuwa inaishi mu makumi, sasa inaishi nyuma ya virgili. Tena ni ndugu ya ile ya zamani, bote bawili banatoka mu shida moja: kila chifre iko na fasi yake na fasi njo inaipa uzito. Mu 0,4 ile 4 ni sehemu ine za kumi, mu 0,35 ile 3 ni sehemu tatu za kumi na ile 5 nyuma ni sehemu za mia, hata ijikaze namna gani haiwezi kufikisha 3 ku 4. Ongeza zero, andika 0,40 pembeni ya 0,35, bishano imeisha.

Kama lakini unafungua kayee ya sita unakuta paka zile kosa za tatu, zimevaa tu namba kubwa, basi ndiyo, pointi zilipanda bila wewe. Muzuri uijue leo kuliko siku ya ENAFEP, ile egzame ya serikali ya kumaliza primeri.

Tukuje ku bidole, juu nimeona njo inakuuma zaidi. Nani alikuambia ni haya? Mu 1950, Mubelgiji moja, Jean de Heinzelin, alichimbua ku Ishango, pale mutoni Semliki inatokea mu ziwa Edward, huku kwetu mu Kivu ya Kaskazini, akatoa mufupa mudogo, urefu kama sentimetre kumi, umechongwa mistari mingi kwa makundi makundi. Umri yake banasema kama miaka 20 000, leo iko mu makumbusho ya Bruxelles. Upande moja makundi ni 11, 13, 17, 19. Upande ingine ni 11, 21, 19, 9. Jumulisha kila upande, sasa hivi, na bidole kama unapenda, nakungoja. Zote mbili 60. Upande ya tatu inafika 48. Bataalamu banabishana mupaka leo ilikuwa ya kazi gani, bengine banasema kuhesabu siku za mwezi, bengine banasema ni alama za kushikia tu mufupa usiponyoke, mimi siko mu ile palaver. Nakuambia tu kama mutu wa hapa kwetu pengine alishapiga mustari moja kwa kitu moja mbele hata karatasi haijakuwa, na kukunja kidole moja kwa kitu moja ni kazi ileile. Usiifiche chini ya meza kama umeiba.

Lakini kuna kitu. Bidole inatembea moja moja. 8 + 7 na bidole ni hatua saba, tisa, kumi, kumi na moja… ukifika kumi na tano uko sawa, lakini kama ile 8 + 7 iko ndani ya miltiplikasio yenye iko ndani ya problemi ya mistari ine, wakati unarudia kutoka ku bidole umeshasahau ulikuwa unatafuta nini. Njo pale pointi zinapotelea, na mutoto anasema "niliielewa lakini nilikosa", na ni ukweli anasema. Kwa hiyo usitupe bidole, uzifundishe kuruka. 8 inataka 2 ifike kumi, ile 2 uikate mu 7, inabakia 5, kumi na tano. Hatua mbili. Fanya hivi: wiki moja, kila mara kidole inataka kutoka, andika nyuma ya kayee ni hesabu gani iliiita. Naona utakuta haiko zote, ni kama sita ama saba tu zenye zinakusumbuaka, 8 + 7, 9 + 6, 7 + 6, 8 + 5, na bandugu babo. Mutu mwenye iko na deni kwa batu saba aandike majina saba, asiseme "niko na madeni ku Bukavu muzima".

Na tabule ya kuzidisha ni vilevile, batoto banaiogopa juu balibaonyesha hesabu 100 ku ukuta. Hesabu na mimi. Ya 1, ya 2, ya 5 na ya 10 unazijua tangu zamani. Zinabakia 3, 4, 6, 7, 8, 9 kati yao. Na 6 × 8 ni sawa na 8 × 6, hauijifunze mara mbili. Ukitoa zote zile zinabakia 21 tu. Makumi mbili na moja! Na kati yazo zenye ni za 9 bidole zitakusaidia bila haya kabisa: fungua mikono mbili mbele yako, unataka 9 × 4, kunja kidole ya ine kuanzia kushoto, mbele ya ile yenye umekunja biko bitatu, nyuma biko sita, 36. Jaribu na 9 × 7 uone. Ukishatosha za 9, zinabakia 15, na 15 ni kazi ya wiki mbili na siku moja, moja kwa siku, unaisema asubui ukienda kuchota maji.

Ingine kitu, mufuate mama ku soko siku moja na usiangalie bitu anauza ama ananunua, angalia vile anarudisha franga. Kitu ni 1 700, mutu anatoa noti ya 5 000. Mama haandike 5 000 juu na 1 700 chini, hakopi ku zero yenye nayo inakopa ku zero ingine. Anapanda: 1 700 na 300 ni 2 000, 2 000 na elfu tatu ni 5 000, anakupa 3 300. Ile ni sustraksio, tena ya akili sana, na batu benye banaifanya bengine hawakumaliza hata kilasi ya ine. Mu egzame kama sustraksio iko na zero mingi, fanya ya ekole ku karatasi, kisha uhakikishe na ya mama.

Haukusema kitu juu ya luga lakini mimi niliona ile 41 ilianguka mu kilasi ya tatu, na batoto bengi banaangukaka palepale. Mu ya kwanza na ya pili metre anaelezea mu Kiswahili (hata sheria ya elimu ya 2014 imeweka luga za taifa kati ya luga za kufundishia), kisha unapanda, na Kifaransa inaingia na nguvu yote, siku ile hesabu haikubadilika, ni majina ya namba njo yamebadilika. Kiswahili ya pwani inasemaka thelathini, sabini, tisini, na batu ba kule bakitusikia tunasema makumi tatu, makumi saba, banatucheka. Bacheke. Mu hesabu sisi njo tunawashinda, juu "makumi saba na tano" inakuambia yenyewe kama ni kumi mara saba, na tano juu. Kifaransa inaficha: onze, douze, treize, mutoto anasikia wapi kumi pale ndani? Tulibahatika Babelgiji balituachia septante na nonante, lakini ile quatre-vingts nayo ni ine mara makumi mbili, ni miltiplikasio yenye imejificha ndani ya jina. Kisha jioni unafungua YouTube ya Ufaransa juu uelewe lesoni, unakuta bwana anasema soixante-dix-sept, wewe unaandika 60 na 17 na unajiona mujinga. Hauko mujinga, ni yeye anaongea vile. Mimi dawa yangu ni moja na balimu bengine hawaipende: ukikwama, rudia kusema namba mu makumi, polepole, mu Kiswahili, kisha andika jibu mu Kifaransa. Hakuna mutu atakusikia mu kichwa.

Sasa divizio, hii nitakaa nayo kidogo juu uliuliza juu ya nini, na ile swali ni ya maana kuliko jibu zote 63 ku mia.

Chukua avoka 824, mama bane ba soko ya Nyawera banataka kugawana sawasawa. Zimepangwa muzuri, mifuko 8 mikubwa ya mia mia, bitunga 2 bya kumi kumi, na 4 zenye ziko chini. Unaanza na mifuko mikubwa, 8 kwa batu bane, kila mama anapata 2. Unaandika 2, ile ni mia mbili, haiko mbili. Unakuja ku bitunga: biko 2, bamama ni bane, hakitoshi, kila mama anapata kitunga ngapi? Hakuna. Zero. Unaandika zero! Njo fasi batoto banarukaka. Banajiambia "2 kwa 4 haiende" na banateremusha chifre yenye inafuata bila kuandika kitu. Lakini ile zero ni kiti yenye haina mutu, kiti iko, usiitoe, ukiitoa batu benye biko nyuma banasogea mbele na banakaa fasi yenye si yabo. Sasa zile bitunga 2 unazimwaga chini, zinakuwa avoka 20, na zile 4 ni 24, kwa bane ni 6 kila moja. 206. Mwenye aliruka zero aliandika 26, na mama moja wa Nyawera ukimupa avoka 26 mu 824 atakufuata mupaka ku nyumba yenu.

Kila "kuteremusha" yenye balikuonyesha ni ile tu, kumwaga kitunga chini juu kilishindwa kugawanyika kikiwa kizima. Ukiona kitunga, haujifunze tena kwa kichwa.

Na hapa niongeze kitu yenye hata balimu bengine bananishangaliaka. Balikufundisha preve ya tisa, ile ya kuhakikisha jibu kwa kujumulisha chifre, eeh? 824, 8 na 2 na 4 ni 14, 1 na 4 ni 5. Upande ingine, 4 ya bamama, na 206 inatoa 8, ine mara 8 ni 32, 3 na 2 ni 5. Tano na tano, sawa, mutoto anafunga kayee anaenda kucheza. Lakini fanya na 26: 2 na 6 ni 8, ine mara 8 ni 32, tano. Sawa tena! Preve ya tisa haione zero, hajawahi kuiona, juu zero haiongezake kitu mu jumla ya chifre. Na ukigeuza chifre, ukaandika 260 fasi ya 206, haioni pia. Kwa hiyo nisikilize: preve ya tisa ni mulinzi mwenye analala usiku. Umuweke, lakini ufunge mulango pia. Mulango ni kukisia mbele ya kuanza: 800 kwa bane ni 200, basi jibu yangu itakuwa 200 na kitu. Ukipata 26 unajua palepale, hauhitaji metre, hauhitaji preve. Mimi nikiona mutoto anakisia mbele ya kuandika, mwenyewe, bila kuambiwa, njo siku ile najua ameendelea, hata kama iko na 50.

Problemi za maneno nitapita haraka juu kosa ni moja tu karibu kila siku: mutoto anawinda neno, hasome frasi. "Furaha iko na mandazi 8. Iko na 3 zaidi ya Amani. Amani iko na ngapi?" Ameona "zaidi", anajumulisha, 11, na amefurahi. Jiulize kwanza nani iko na mingi, mbele ya kugusa biki. Ni Furaha. Basi Amani hawezi kuwa na 11. Tano.

Na kama unasahihishaka na telefone ya mama, angalia nukta. Ku soko tunaandika 2.500 na ile nukta ni ya kupumua tu, ni elfu mbili mia tano, lakini mashini ya telefone ikiona nukta inafikiri ni virgili, kwayo ile ni mbili na nusu, ukizidisha na 3 itakuambia 7.5 na utafikiri Franc Congolais imekufa tena. Andika 2500 bila kitu kati.

Sasa paji ya metre. Usiandike "nimeendelea sana na namushukuru metre wangu mupendwa", ile tumesoma mara mingi, tunaisomaka na macho imefungwa. Weka kosa moja ya zamani, kosa moja ya leo, na kitu moja yenye bado haujui. Kitu kama hivi, lakini usikopie, nitakujua:

"Mu kilasi ya tatu niliandika 52 − 17 = 45 juu nilifikiri ndogo njo inatokaka mu kubwa kila siku. Sasa najua kuvunja kumi. Mu kilasi ya sita niliandika 0,35 inapita 0,4. Ni kosa ingine, lakini nimeona inafanana na ile ya kwanza. Kuna hesabu saba zenye bado nahesabia ku bidole, nimeziandika nyuma ya kayee. Divizio nilikuwa nafanya bila kujua, juma hii nilianza kuelewa zero, fraksio bado."

Metre mwenye anapata paji kama ile hataacha kuisoma, na kama ni metre wa kweli atakuja ku meza yako kukuuliza ni zile saba gani. Kama ni mwenye kukaripia… bon, biko, nilifanya kazi na mmoja alikuwa anapigisha mutoto akimuona anahesabia ku bidole, na kilasi yake yote ilijifunza kuhesabia ku bidole ya miguu ndani ya biatu. Hiyo njo matokeo alipata. Usiogope ile, andika tu.

Mama, najua ni telefone yako na utasoma hii mbele yake, nakuomba ruhusa ya maneno mbili. Endelea kuambia bajirani, mutoto anasikiaka hata akijifanya hasikie. Lakini akirudia na enterogasio usiulize "umepata ngapi", umuulize "ulikosa wapi, nionyeshe", na akikuonyesha usikasirike, hata kama ni kosa yenye wewe unaona ni ya kitoto, juu siku utakasirika njo siku ya mwisho atakuonyesha. Na umupeleke ku soko, umuache yeye arudishe franga, hata kama bakliya banalalamika anachelewa.

Binti yangu, mbele ya kufunga, nakupa moja ya kufanya ku nyumba: 1 218 kwa 6. Usiguse potansi kwanza, ile mistari ya kupangia divizio. Niandikie mu mesaji ya kwanza jibu itakuwa karibu na ngapi, kisha fanya, kisha piga preve ya tisa juu ya jibu yako na juu ya jibu yenye mutu mwenye aliruka kiti angepata, na uniambie mulinzi alikuwa amelala ama hapana.